Hedifoni ya kumiksia nyumbani: ninavyoichagua hapa Kampala

Kwaya moja ya vijana ilinipa wimbo wao niumiksi, yaani nizipange na kuzisawazisha sauti zake zote. Walikuwa wamepiga adungu, kinubi cha huku Uganda, tatu: ndogo, ya kati, na ile kubwa ya besi ambayo ukigusa uzi wake mnene unausikia kifuani kabla ya masikioni. Nilikesha nao usiku tatu, kichwani nimevaa hedifoni niliyoipenda mno kwa sababu kila wimbo uliopita humo ulitoka mtamu. Asubuhi ya nne nikapanda teksi ya kwenda Mukono, nikamwomba dereva, ambaye tunafahamiana, achomeke simu yangu kwenye redio yake. Wasichana walisikika. Kayamba zilisikika. Adungu ndogo zilisikika. Ile kubwa haikuwemo kabisa, na wimbo mzima ulikuwa umekonda kama mtu aliyetoka kuugua malaria.

Siku mbili zilipita kabla sijaelewa kilichotokea. Hedifoni ile ilikuwa inaongeza besi kutoka kwake yenyewe. Mimi nikasikia besi imezidi, nikaipunguza. Niliyoipunguza ilikuwa besi ya wimbo; ile ya hedifoni ilibaki nayo nyumbani. Kwenye teksi haikuwepo hedifoni ya kuziba pengo, ndipo adungu ikatoweka.

Tangu hapo nikiingia dukani nina swali moja tu: hii itanionyesha kosa langu, au itanifichia? Utamu ni sifa nzuri kwa mtu anayesikiliza muziki akipumzika. Kwa anayemiksi, hedifoni inayotia sukari kila kitu ni hasara, na wimbo wa watu ndio unaoilipa.

Nimekulia kambi ya polisi Nsambya, ambako wazazi wetu walitoka kila pembe ya nchi na Kiswahili kilikuwa lugha ya uani. Sasa naishi Bweyogerere, chumba na sebule, mabati juu, jirani ana watoto watatu ng'ambo ya ukuta. Hapo ndipo ninapomiksi. Wengi wananiuliza kwa nini sikununua spika za studio, na jibu liko kwenye vipimo vya chumba. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kuta za tofali tupu hurundika besi ya karibu hetzi 57 (hetzi ni mitetemo kwa sekunde): ukikaa karibu na ukuta inanguruma, ukisogea katikati inapotea. Spika nzuri humo ndani zitakudanganya mpaka uwe na pesa ya kutibu kuta. Hedifoni inakiruka chumba chote. Ina udhaifu wake, nitaufikia, lakini udhaifu huo unahama na wewe na unaweza kuuzoea.

Basi anza na mahali unapoishi kabla hujauliza bei.

Hedifoni za kufungwa zina kifuniko kigumu mgongoni. Sauti yako haitoki sana, na kelele za nje haziingii sana. Za wazi zina wavu au matundu mgongoni, hewa inapita, na sauti haigongi ukuta wa plastiki na kukurudia sikioni. Kwa kawaida za wazi husema kweli zaidi kuhusu mahali kila chombo kilipo, na hazichoshi upesi. Kama una chumba kimya na unamiksi tu, nunua ya wazi bila kusitasita.

Ila wengi wetu hatuna chumba kimya, na wengi wetu tunarekodi na kumiksi kwenye meza hiyo hiyo. Niliwahi kumrekodi binti mmoja akiwa amevaa hedifoni ya wazi. Aliimba vizuri sana. Nilipofungua faili usiku, nyuma ya kila mstari wa taratibu kulikuwa na metronomu, ule mlio wa kumwekea mwimbaji mapigo: tik, tik, tik, imetoka kwenye matundu ya hedifoni ikaingia moja kwa moja kwenye maikrofoni. Hakuna programu iliyoweza kuifuta bila kuumiza sauti yake. Ilibidi aje tena, alipe boda tena, aimbe tena, na mara ya pili hakuimba vile. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye pesa ya hedifoni moja tu ni huu: chukua ya kufungwa. Ya wazi itakuja baadaye, iwe ya usiku, jirani wakilala.

Na usinunue ya kufungwa ukidhani itashinda mvua. Sennheiser HD 280 Pro, ambayo watengenezaji wake wanasema inapunguza kelele kwa hadi desibeli 32 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ni kati ya zinazoziba vizuri sana, lakini mvua ya Aprili juu ya mabati huingia hata kwenye mifupa. Wakati huo ninapanga faili na kujibu wateja.

Zile zenye teknolojia ya kufuta kelele kwa umeme, na zile za Bluetooth, ziache kwa safari za basi. Za kwanza zinabadilisha sauti ili kufanya kazi yake. Za pili hubana sauti na kuichelewesha. Ukibonyeza noti kwenye kibodi unaisikia baada ya kidole kunyanyuka, na hapo huwezi kupiga chochote kwa wakati. Ya waya, basi.

Sasa stima. Jambo hili silioni likisemwa, na kwetu ni kubwa.

Ubavuni au kwenye boksi la hedifoni utaona namba ya omu. Ni kipimo cha upinzani, na kwa lugha ya mezani kinakuambia hedifoni inataka kusukumwa kiasi gani. Za omu 32 hadi 80 hivi huridhika na nguvu ya laptopu au intafesi ndogo ya USB, kile kisanduku cha kuunganisha maikrofoni na hedifoni kwenye laptopu. Za omu 250 au 300 zinataka volti nyingi zaidi. Ukizichomeka kwenye kifaa dhaifu sauti inakuwa ndogo, unapandisha mpaka mwisho, na kifaa kinaanza kukwaruza. Beyerdynamic DT 770 Pro, kwa mfano, inauzwa kwa omu 32, 80 na 250, na mtu anaweza kuagiza ya 250 kwa sababu tu amesikia ndiyo ya wakubwa. Angalia pia kipimo cha usikivu, kile cha desibeli kwa miliwati, maana hedifoni mbili za omu sawa zinaweza kutofautiana kwa ukubwa wa sauti.

Hedifoni ya omu 250 itakutaka ampu yake, kifaa cha kuikuzia nguvu, na ampu nyingi huchomekwa ukutani. Stima ikikatika saa mbili usiku, mwenye ampu ameishia hapo. Mimi nina laptopu yenye betri, intafesi inayokula umeme wa USB, na hedifoni ya omu 63. Stima ikiondoka nazima taa moyoni, naendelea saa mbili zaidi. Nimemaliza nyimbo nyingi gizani kwa sababu ya namba hiyo ndogo. Kwa anayefanya kazi nyumbani hapa Uganda, mimi nasema usivuke omu 80 kwa hedifoni yako ya kwanza.

Namba nyingine iliyo kwenye boksi, ile ya hetzi 5 mpaka 35,000, usiipe uzito. Sikio la binadamu lenye afya husikia kati ya hetzi 20 na 20,000, na la mtu mzima halifiki huko juu. Namba hiyo inakuambia hedifoni inafika wapi, haikuambii inafikaje: inaweza kupanda mlima katikati na kushuka bonde, na boksi lisiseme.

Kinachosema ni masikio yako dukani. Nenda asubuhi, kabla masikio hayajapigwa na spika za barabarani, na nenda na laptopu na faili zako mwenyewe. Usikubali wimbo wa muuzaji. Wimbo wa muuzaji umechaguliwa kwa sababu unaipendeza hedifoni hiyo.

Mimi huenda na faili nne. Ya kwanza ni wimbo ninaoujua tangu utoto, ule ambao nikiamshwa usiku naweza kuimba kila sehemu. Nikiusikiliza sitafuti uzuri. Natafuta kitu ambacho sijawahi kukisikia humo, au kitu ninachokijua kilichopotea. Ya pili ni adungu ya wale vijana, sehemu ya besi peke yake pamoja na ngoma. Hapo nafanya jaribio rahisi: naimba besi kwa mdomo, noti kwa noti. Hedifoni ya kweli inaniwezesha kuzifuata noti zote, hata zilizo jirani. Ile inayodanganya inanipa bum, bum, bum, zote sura moja, na mdomo wangu unakosa pa kwenda. Jaribio hili halihitaji kipimo chochote, na halijawahi kuniangusha.

Ya tatu ni endingidi. Uzi ule mmoja, ukisuguliwa na upinde, una vitu viwili: noti yenyewe, na mkwaruzo mkavu unaoitangulia. Kwenye hedifoni nzuri vinasikika kama vitu viwili vinavyoishi nyumba moja. Kwenye hedifoni yenye makali mengi juu, mkwaruzo unakuwa sindano na noti inajificha nyuma yake. Baada ya nusu saa utakuwa umepunguza makali ya wimbo mzima, na watu wako watasikika kama wanaimba ndani ya blanketi. Kwenye hedifoni iliyofifia juu, mkwaruzo haupo, nawe utaongeza makali mpaka herufi s ya mwimbaji iwakate watu masikio.

Ya nne ninaitengeneza kwa Audacity, programu ya bure: mlio mmoja unaoshuka taratibu kutoka hetzi 200 hadi 30. Funga macho, uusikilize kama unavyosikiliza mtu akishuka ngazi. Hatua zinapaswa kufanana. Kama kwenye hatua fulani mlio unavimba ghafla, hapo ndipo hedifoni inapoongeza, na hapo ndipo utakapokosea. Kama unasikia kitu kinatetema, bzzz, kama nzi ndani ya kikombe, rudisha hedifoni mezani, imeharibika au imeundwa vibaya.

Kisha cheza sauti ya mtu mmoja isiyo na stirio. Inapaswa kukaa katikati kabisa, kama anakuimbia kati ya macho. Ikielemea kushoto, geuza hedifoni, ya kulia iwe kushoto. Mwimbaji akihamia kulia, tatizo ni la hedifoni au la kifaa ulichochomeka, jaribu kifaa kingine. Akibaki kushoto vile vile, ni sikio lako, na hilo ni vyema ulijue kabla hujaanza kutoza watu pesa.

Kuna hedifoni bandia, na nimewahi kununua moja. Jina kubwa limechapwa ubavuni, boksi limeng'aa, bei nusu. Ilikuwa nyepesi kuliko inavyostahili, mshono wa plastiki unakwaruza kidole, maandishi ya kushoto na kulia hayakunyooka, na upande mmoja ulizimika kabla ya mwezi kwisha. Modeli maarufu ndizo zinazoigwa zaidi. Kabla ya kwenda dukani, soma uzito wa modeli unayoitaka kwenye tovuti ya mtengenezaji, uombe mizani ya jikoni kwa jirani kama huna. Plastiki unaweza kuiiga kwa urahisi. Waya wa shaba na sumaku nzito hugharimu, na mwizi hapendi kugharamika.

Uliza pia kuhusu vipuri. Waya unaochomoka ni neema, kwa sababu waya ndio unaokufa kwanza, hasa ukikanyagwa na kiti. Audio-Technica ATH-M50x na AKG K240 Studio zina waya unaochomoka. Sony yangu, MDR-7506, waya wake ni wa msokoto na haung'oki; ulipokatika nilimpelekea fundi wa simu, akaufungua na kuuchomelea risasi, ukapona. Fundi mzuri wa simu anaweza kufanya kazi hiyo ukimwelekeza waya upi ni wa upande gani.

Mtu akinibana nitaje majina, nayataja. MDR-7506 iko sokoni tangu 1991, ni ya kufungwa, inakunjika, huko Marekani imeuzwa karibu dola 100 kwa miaka mingi, na bado unaiona kwenye vyumba vya redio na kwa watu wa filamu. Ina makali juu, na hiyo inasaidia kukamata mikwaruzo na pumzi, ila lazima uikumbuke wakati wa kugusa sauti za juu. K240 Studio ni nusu wazi, omu 55, nyepesi kichwani, mwaminifu sana katikati ambako sauti za watu huishi. Chini kabisa haina mengi ya kukuambia. DT 770 Pro ya omu 80 ina mito ya mahameli na inavaliwa saa tano bila kuumiza. ATH-M50x ina besi na makali yaliyosukumwa kidogo. Wanaofanya rapu wanaipenda, nami kwa ajili hiyo hiyo naiogopa. Kwa mwenye uwezo zaidi na chumba kimya, Sennheiser HD 600, ya wazi, ya omu 300, iliyotoka mwaka 1997, ndiyo ambayo ningeinunua kesho kama ningehamia nyumba yenye ukuta mnene na stima isiyochezacheza.

Mito ya masikio inataka neno lake. Besi ya hedifoni ya kufungwa inategemea mto kuziba vizuri kuzunguka sikio. Nikisuka nywele nene, zile zinazopita juu ya masikio, mto haukai, hewa inavuja na besi inapungua kabisa. Miwani nayo hufanya hivyo hivyo. Jaribu: cheza wimbo, bonyeza hedifoni kwa viganja. Besi ikiongezeka sana ukibonyeza, mto wako hauzibi. Siku za kumiksi mimi hurudisha nywele nyuma na kuzifunga chini. Mito ya ngozi bandia hupasuka kwa jasho letu, na ikipasuka besi inaondoka polepole hivi kwamba hutambui. Badilisha kabla haijaanza kumwaga unga mweusi mabegani.

Ukishanunua, usimiksi kazi ya mtu kwa wiki mbili. Sikiliza tu. Sikiliza nyimbo za watu wengine, za aina ile unayoifanya, saa moja kila siku, mpaka ujue besi iliyo sawa inasikikaje kwenye hedifoni hii, na mwimbaji anakaa mbele kiasi gani. Ukitaka msaada, kuna mradi wa bure uitwao AutoEq wenye mipangilio ya ikweliza, kile cha kupandisha na kushusha besi na makali, ya kunyoosha hedifoni nyingi mno. Unasaidia kweli. Angalia jambo moja: kama umeweka marekebisho hayo ndani ya programu ya kumiksi, yazime kabla ya kutoa faili la mwisho, la sivyo utampa mteja wimbo ulionyooshwa kwa ajili ya hedifoni yako.

Hedifoni yoyote ile, hata ya bei gani, itakupotosha kuhusu upana. Kwenye spika, sikio la kushoto linasikia kidogo ya spika ya kulia. Kwenye hedifoni halisikii hata chembe. Kwa hiyo gitaa ulilolisukuma kushoto linaonekana liko maili moja, na mwimbaji aliye katikati anaonekana yuko ndani ya kichwa chako, mkubwa kuliko alivyo, nawe unamshusha. Bonyeza mara kwa mara kitufe cha mono, kinachounganisha kushoto na kulia kuwa sauti moja. Vibanda na baa nyingi huku zina spika moja tu, na huko ndiko wimbo wako utakakoishi.

Sauti iwe ndogo. Mwongozo wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, unaweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka zinakata muda huo nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Mimi sina kipimo. Naweka sauti pale ambapo mtu akigonga mlango naweza kumsikia, na nikiwa na hedifoni ya kufungwa naishusha zaidi kidogo. Mara mbili kwa usiku naipandisha kwa dakika moja kuangalia besi, kwa sababu sikio kwa sauti ndogo halisikii besi vizuri (watafiti Fletcher na Munson walilipima hilo mwaka 1933), kisha naishusha tena. Kila saa natoka nje dakika kumi.

Juu ya meza yangu nimebandika karatasi, imeandikwa kwa kalamu ya wino mwekundu. Kila nilipokosea na hedifoni hii na teksi ikanionyesha, niliandika mstari. Kwa sasa inasomeka hivi: makali ya juu, ni ya Sony, usiyaguse kabla ya kusikiliza kwenye simu. Besi iliyo chini ya hetzi 60, ipo hata usipoisikia, linganisha na wimbo wa mwingine. Mwimbaji, mpandishe kidogo kuliko unavyotaka. Mwangwi, uongeze kidogo. Adungu kubwa, usiipunguze usiku, ngoja asubuhi.